Unyenyekevu na Kujikabidhi kwa Mungu: Historia ya Fundisho Moja Kutoka Lisieux Hadi Mbarara na Nakivale

UTANGULIZI

Yapo maneno katika lugha yetu ambayo kila mtu hudhani anayafahamu mpaka siku atakapoulizwa maana yake. Miongoni mwa maneno hayo ni unyenyekevu. Mwanafunzi akiulizwa kinyume cha kiburi hujibu upesi kwamba ni unyenyekevu. Lakini akiulizwa tofauti iliyopo baina ya unyenyekevu na unyonge, husita; na aghalabu mwalimu wake naye husita.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, swali hilo si la kamusi peke yake. Mtu aliyepoteza shamba, nyumba na jamaa zake, naye husimama katika foleni kungojea mgao wa chakula au jibu la maombi yake, akiambiwa kanisani awe mnyenyekevu na ajikabidhi kwa Mungu, ana haki ya kuuliza anaambiwa nini hasa. Je, anaambiwa anyamaze? Anaambiwa asidai? Au anaambiwa jambo jingine ambalo sisi walimu wa lugha tungeweza kumsaidia kulielewa?

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi asili ya fundisho hilo katika maisha ya sala ya Kanisa Katoliki, njia lililopita hata kufika Mbarara, na jinsi lilivyojaribiwa katika nchi za Maziwa Makuu. Mwisho tutayatazama maneno ya Kiswahili yanayolibeba. Waandishi wa Kikatoliki hutumia neno taamuli, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kufikiri kwa kina, kuitaja sala ya kimya ambayo ndani yake mtu humtazama Mungu kwa upendo pasipo maneno mengi. Fundisho tunalolizungumzia lilikulia katika nyumba za sala ya namna hiyo.

NGAZI YA BENEDIKTO

Katika karne ya 6 mmonaki mmoja wa Italia, Benedikto wa Nursia, aliandika kanuni ya maisha kwa ajili ya wenzake. Sura ya 7 ya kanuni hiyo yahusu unyenyekevu. Benedikto aliufananisha na ngazi ambayo Yakobo aliiona katika ndoto, akaipa vipago 12. Ajabu ya ngazi hiyo ni kwamba anayejikweza huishuka, na anayejishusha huipanda. Wahenga wetu wasingeona ugumu wo wote katika maneno hayo, kwani wao wenyewe walisema kwamba mpanda ngazi hushuka, na tena wakasema kuinamako ndiko kuinukako.

Baada ya miaka elfu moja hivi, Tereza wa Avila, mtawa wa Kihispania wa shirika la Karmeli aliyefariki mwaka 1582, aliieleza fadhila hiyo kwa namna nyingine. Kwake yeye, kuwa mnyenyekevu ni kwenda katika ukweli, yaani kujiona jinsi ulivyo mbele ya Mungu, bila kujiongeza wala kujipunguza. Maelezo hayo yafaa kukumbukwa. Kama unyenyekevu ni ukweli, basi mtu anayesema kweli juu ya dhuluma aliyotendewa hakosi unyenyekevu. Na Tereza huyo hakuwa mtu wa kujikunyata pembeni. Mwaka 1562 alianzisha monasteri yake ya kwanza ya marekebisho mjini Avila huku wengi wakimpinga, na kabla ya kufa alikuwa amezunguka Hispania kwa magari ya kukokotwa akianzisha nyingine nyingi.

TEREZA WA LISIEUX NA NJIA NDOGO

Mtu aliyelifikisha fundisho hili kwa watu wa kawaida duniani kote ni Mkarmeli mwingine mwenye jina lilo hilo, Tereza wa Mtoto Yesu. Alizaliwa Alençon, Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873, akaingia monasteri ya Lisieux tarehe 9 Aprili 1888 akiwa na umri wa miaka 15, akafa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897 akiwa na miaka 24. Hakufanya jambo hata moja ambalo magazeti ya siku zile yangelitangaza. Alifua nguo, alifagia, alisali, na kwa amri ya wakubwa wake aliandika habari za maisha yake. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka mmoja baada ya kifo chake kwa jina la Historia ya Roho, nayo yakafasiriwa katika lugha nyingi.

Fundisho lake huitwa Njia Ndogo. Tereza alijiona kuwa mdogo mno asiweze kuipanda ngazi ndefu ya ukamilifu. Katika siku zake nyumba za matajiri zilikuwa zimeanza kuwekwa lifti, naye akasema kwamba lifti yake ni mikono ya Yesu: mtoto asiyeweza kupanda huinua mikono yake akabebwa. Kwa hiyo ngazi ya Benedikto ilipata tafsiri mpya. Kinachotakiwa ni mtu akubali udogo wake na kutumaini, wala si kuhesabu vipago alivyovipanda.

Hapa wasomaji wengi hupotea. Hudhani kwamba Njia Ndogo ni njia ya kukaa kitako na kungojea. Maisha ya Tereza mwenyewe yanakanusha dhana hiyo. Alipokataliwa kuingia utawa kwa sababu ya umri wake, alikwenda kwa askofu na baba yake. Aliposhindwa huko alikwenda Roma, na tarehe 20 Novemba 1887, ijapokuwa mahujaji walikuwa wamekatazwa kusema na Baba Mtakatifu, alipiga magoti mbele ya Papa Leo XIII akaomba ruhusa kwa kinywa chake. Hakuridhika na jibu la kwanza, akasihi tena, hata walinzi wakamwondoa. Baada ya hapo ndipo alipoliacha jambo hilo mikononi mwa Mungu. Mpango huo ni wa maana sana kwetu: kwanza alifanya yote yaliyokuwa katika uwezo wake, kisha akajikabidhi.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba kujikabidhi kwake hakukuwa na utamu. Tangu Pasaka ya mwaka 1896 hata kufa kwake alipita katika giza la imani, akiona kana kwamba mbinguni hakuna kitu. Aliendelea kusali katika giza hilo. Hivyo anayesema kwamba mwenye imani ya kweli hana mashaka wala machozi hasemi fundisho la Tereza.

NJIA YA KUFIKA MBARARA

Fundisho hili lilifikaje katika nchi zetu? Mwezi wa Oktoba 1895 mseminari mmoja, Maurice Bellière, aliiandikia monasteri ya Lisieux akiomba mtawa mmoja amsaidie kwa sala. Akachaguliwa Tereza. Wakaandikiana barua kama 20. Kijana huyo alikuwa mtu wa wasiwasi, mwenye kuogopa dhambi zake za zamani, na Tereza alimfundisha kutumaini badala ya kuogopa. Bellière alijiunga na Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, ambalo kwetu lajulikana zaidi kwa jina la Mapadre Weupe. Alipanda meli kwenda Algiers tarehe 29 Septemba 1897, yaani siku moja kabla ya Tereza kufa. Mwaka 1902 alifika Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, kisha akarudi kwao akiwa mgonjwa, akafa mwaka 1907. Kwa kipimo cha dunia kazi yake ilikuwa ndogo, lakini barua zilizoandikwa kwa ajili yake ni miongoni mwa maelezo bora ya Njia Ndogo tuliyo nayo.

Mapadre Weupe walikuwa wamekwisha fika Uganda muda mrefu kabla ya hapo. Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans walifika ufuoni Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Walimu wa Kiswahili wa Uganda wangefaa kukumbuka kwamba mafundisho ya kwanza ya Kikristo katika jumba la Kabaka Mutesa yalitolewa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili, lugha ambayo wamisionari walijifunza njiani katika misafara, na ambayo Kabaka mwenyewe aliifahamu. Mapadre hao walipoondoka mwezi wa Novemba 1882, wakakaa ng'ambo ya ziwa hata mwaka 1885, Wakristo wachache waliobaki walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya askari tu katika nchi hii hawajui kwamba kilikuwa lugha ya sala kabla hakijawa lugha ya amri.

Tereza alitangazwa mtakatifu tarehe 17 Mei 1925, na mwezi wa Desemba 1927 Papa Pius XI akamfanya msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri. Yeye ambaye hakuvuka bahari akawekwa sawa na mtu aliyevuka bahari nyingi. Jina lake likaenea kwa kasi katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1930 mashirika kadhaa ya masista wenyeji yaliwekwa chini ya ulinzi wake: Bene-Tereziya huko Burundi, Masista wa Mtakatifu Tereza huko Bukoba, Wateresina huko Iringa, na Banyatereza huko Fort Portal.

Banyatereza walianzishwa na Askofu François-Xavier Lacoursière, Padre Mweupe kutoka Kanada. Mwaka 1934 eneo la magharibi mwa Uganda lilifanywa vikarieti ya Ruwenzori, naye akawekwa kuiongoza, makao yake yakiwa Mbarara. Mwaka 1953 vikarieti hiyo ikawa jimbo la Mbarara, ambalo baadaye lilizaa majimbo ya Fort Portal mwaka 1961 na Kabale mwaka 1966. Na mwaka 1999 Mbarara ikawa jimbo kuu. Hivyo Njia Ndogo iliingia Ankole na Toro katika maisha ya wasichana wenyeji waliofundisha shule, waliouguza wagonjwa na kulima mashamba. Kwao unyenyekevu ulikuwa na jembe mkononi.

NYUMBA ZA SALA KATIKA NCHI YA VITA

Baada ya Vita Kuu ya Pili nyumba za taamuli zenyewe zilianza kujengwa katika eneo letu. Watrapisti, ambao hufuata kanuni ile ile ya Benedikto, walijenga Mokoto katika Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 1954, na Lumbwa, yaani Kipkelion, nchini Kenya mwaka 1956. Masista Watrapisti walifika Butende karibu na Masaka mwaka 1964. Waanzilishi wa nyumba hizo walitoka Ubelgiji na Uholanzi, lakini baada ya muda wenyeji wakawa wengi ndani yake.

Mokoto na Kipkelion zilijaribiwa kwa namna ambayo Benedikto angeitambua. Mwaka 1996, vita vya kikabila vilipowaka Masisi, mamia ya Watutsi walikimbilia monasteri ya Mokoto. Mwezi wa Mei mwaka huo monasteri ilishambuliwa, makumi ya watu waliotafuta hifadhi pale wakauawa, na wamonaki, waliokuwa wa makabila mbalimbali, wakaishia kuishi Goma kama watu waliohamishwa. Baada ya miaka kadhaa walirudi Mokoto. Huko Kenya, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalifika Kipkelion. Wamonaki waliwahifadhi majirani zao waliofukuzwa makwao, na mwaka 2008 jumuiya hiyo ikaondoka mahali ilipokuwa imekaa zaidi ya miaka 50, ikahamia Uganda, upande wa Masaka.

Nayataja haya kwa sababu moja. Wamonaki huweka ahadi ya kudumu mahali pamoja hata kufa. Walipolazimika kuondoka, walipoteza hata kile ambacho walikuwa wamemwahidi Mungu. Tangu hapo mmonaki na mkimbizi hawako mbali: wote wawili wamejifunza kwamba nyumba ni kitu cha kuazima. Lakini mmonaki alichagua umaskini wake kabla ya vita kumfikia, mkimbizi hakuulizwa. Tofauti hiyo haifai kufichwa na mhubiri ye yote.

NAKIVALE

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi wa Rwanda walipokimbia machafuko ya kwao, ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Ipo kando ya ziwa lenye jina hilo, katika wilaya ambayo sasa ni Isingiro na ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara. Ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi katika Afrika, na katika karne hii idadi ya wakazi wake imepita 100,000. Wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni, shuleni na katika ibada.

Historia ya mahali hapa haina upole. Mwezi wa Oktoba 1982 watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika mashamba yao huko Ankole, wakiongozwa kufukuzwa na viongozi wa mitaa na vijana wa chama kilichotawala. Makumi ya maelfu walivuka mpaka kwenda Rwanda, na wengine wengi wakakimbilia makazi ya Nakivale na Oruchinga. Waliofukuza na waliofukuzwa wengi wao walikuwa Wakristo. Miaka 12 baadaye, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, makanisa kama Ntarama, Nyamata na Kibeho yakageuka mahali pa kuchinjia watu. Wengi wa wauaji walisema walitii amri.

Hapo ndipo fundisho letu linapopimwa. Watu waliofundishwa utii tangu utoto walimtii mwanadamu katika jambo ambalo Mungu amelikataza. Utii wa namna hiyo si unyenyekevu, hata ukivikwa kanzu. Anayemnyenyekea Mungu kwa kweli hupata mpaka ambao hawezi kuuvuka kwa amri ya mtu. Mashahidi wa Uganda walioshika imani yao kati ya mwaka 1885 na 1887 walikuwa watumishi wa Kabaka Mwanga, waliozoea kupiga magoti mbele yake. Magoti yao yalijua pia kukataa.

MANENO YANAYOBEBA FUNDISHO

Sasa tuyatazame maneno. Kwanza, unyonge na unyenyekevu. Unyonge ni hali ambayo mtu hutiwa na maradhi, umaskini au mwenye nguvu. Unyenyekevu ni tabia ambayo mtu huichagua. Wafasiri wa Injili ya Luka katika Kiswahili walipofika kwenye utenzi wa Bikira Maria walitumia neno unyonge, na walifanya vema, kwa maana Maria hapo anaitaja hali yake ya chini wala hajisifii fadhila. Utenzi huo huo waendelea kutaja wakuu wanaoshushwa kutoka vitini mwao. Kwa hiyo Mungu huutazama unyonge ili auondoe, si ili auhifadhi.

Pili, kiambishi -ji-. Katika Waraka kwa Wafilipi Kristo anasemwa kwamba alijinyenyekeza. Tuichambue kauli hiyo kama tunavyofanya darasani: kiini ni nyenyekea, kauli ni ya kutendesha, na kiambishi -ji- kinarudisha tendo kwa mtendaji. Tukikiondoa -ji- na kuweka -m-, tunapata alimnyenyekeza, na mara moja sentensi ina watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Hali kadhalika kujikabidhi. Mtu akijikabidhi, ametoa. Mtu akikabidhiwa kwa askari, amechukuliwa. Herufi mbili tu hutenganisha sala na kifungo. Benedikto, Tereza wa Avila na Tereza wa Lisieux kila mmoja alianza na nafsi yake. Fundisho hili huharibika pale mwenye nafasi anapomhubiria asiye na nafasi ili apate kumtuliza.

Tatu, uteuzi wa vitenzi. Kujisalimisha ni neno zuri, lakini lina harufu ya vita, kwa kuwa aliyeshindwa husalimu amri. Kujiachilia laweza kueleweka kuwa ni kutojitunza. Kujikabidhi lina nguvu zaidi, kwa sababu kinachokabidhiwa huwa ni kitu cha thamani, kama amana iwekwayo kwa mtu mwaminifu. Mtu hakabidhi takataka. Anayejikabidhi kwa Mungu amekiri kwamba yeye mwenyewe ni kitu cha thamani, hata kama katika karatasi za ofisi yeye ni nambari tu. Ndugu zetu Waislamu wana neno tawakali, na kwa muda mrefu watu wa pwani wamejua kwamba mwenye kutawakali hufunga chombo chake barabara kwanza, kisha humwachia Mola dhoruba. Wahenga walishika pande zote mbili: walisema jitihada haiondoi kudura, na tena walisema ajizi ni nyumba ya njaa.

Nne, kukata tamaa. Kwa nje kwaweza kufanana na kujikabidhi, kwa maana wote wawili, aliyekata tamaa na aliyejikabidhi, wameacha kuhangaika. Alama ya kuwatenganisha ni moja: aliyekata tamaa haombi tena kitu, wala kwa Mungu wala kwa mtu, aliyejikabidhi huomba bado, na asubuhi huenda shambani.

HITIMISHO

Tumeona kwamba fundisho la unyenyekevu na kujikabidhi lilianza katika nyumba za kimya za Ulaya, likapewa sura ya kitoto na msichana wa Lisieux, likaletwa Mbarara na wamisionari na kukuzwa na masista wenyeji, na likapita katika moto wa Masisi, wa Rwanda na wa Ankole. Halikutoka huko bila doa, kwa sababu waliolihubiri hawakulitenganisha siku zote na utii wa kibinadamu.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili si kuhubiri. Lakini watoto wa Nakivale watasali kwa Kiswahili, watahubiriwa kwa Kiswahili, na wengine wao watahubiri. Tukiwafundisha vema tofauti ya unyonge na unyenyekevu, ya utii na uaminifu, ya kukabidhiwa na kujikabidhi, tutakuwa tumewapa kitu ambacho hakuna atakayewanyang'anya mpakani. Inafaa maneno haya yafundishwe pamoja, kwa jozi zake, kwa mifano ya sentensi kamili, na kwa kumwachia mwanafunzi nafasi ya kuuliza ni nani anayetenda na ni nani anayetendwa.